Waliotafuna Eda Yangu

Mjukuu wangu amerudi likizo kutoka chuo kikuu na daftari nene, na tangu arudi nyumba haina amani. Huko wanamfundisha habari za akili za watu, hasa zile zilizokwenda mrama. Siku ya kwanza alimtazama mjomba wake anavyojisemea peke yake akimenya ndizi, akaandika kitu. Siku ya pili aliniuliza, kwa upole ule wa kumwuliza mgonjwa, kwa nini kila asubuhi nasimama kidogo kabla ya kuvuka kizingiti. Nikamwambia nasimama kwa sababu nina miaka mingi na magoti mawili tu. Akaandika na hilo.

Basi nikamwambia aweke kalamu chini anisikilize. Mimi vitabu vyake sijavisoma, lakini niliwahi kusomwa mwenyewe kama kitabu, siku tatu mfululizo, na wanafunzi watatu pamoja na mwalimu wao. Ilikuwa hapa hapa Nyaishozi, zamani za Wadachi, mama yake yeye alipokuwa anang'oka meno ya utoto. Na kama mitihani ndiyo inayomtisha, huo wangu ulikuwa na zawadi moja tu, na zawadi yenyewe ilikuwa huyo huyo mama yake.

Nilizaliwa Tabora, kwa baba aliyependa kusema "kwetu pwani" ingawa pwani hiyo aliiacha kabla hajaota ndevu. Niliolewa nikaletwa hapa Karagwe na mume aliyekuwa akinunua kahawa Kyerwa na kuuza chumvi, shanga na bafta. Waislamu tuliokuwa Nyaishozi wakati huo, sote watu wa madukani, tungeenea kwenye mkeka mmoja, na bado tuligombania nani akae wapi. Nyumba yetu ilikuwa ya pembe nne. Majirani, wenye nyumba zao nzuri za duara za nyasi, walitusikitikia. Waliona pembe ni mahali pa kufugia nyoka.

Mume wangu alikufa msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa. Alitoka asubuhi kwenda Kyerwa, anapiga mluzi, akaniagiza nimkaangie senene akirudi. Alirudi siku ya tano juu ya machela, ana homa, na siku ya tatu baada ya hapo tulimzika. Senene niliwakaanga, wakaliwa na waliokuja kuzika. Nilimkasirikia kwa hilo kuliko nilivyomkasirikia kwa kufa.

Nikaingia eda. Mjane wa Kiislamu hukaa miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hajifukizi, havai nguo ya nakshi, haonani na wanaume ambao si maharimu wake, yaani wanaoweza kumwoa, wala hazururi. Hajafungwa, lakini. Uani kwake anatoka, anaota jua, anaanika mahindi, anagombana na kuku. Haya nayaeleza mapema kwa sababu yatakuja kunifedhehesha.

Bibi mmoja wa maduka ya juu, aliyetuzidi sote kwa dini, alinihesabia siku zangu. Karatasi hatukuwa nayo ya kuchezea. Akatumia kahawa kavu ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani ya harufu kisha ikaanikwa na maganda yake, kutoka mfuko wa mwisho alioacha marehemu. Akahesabu punje mia na zaidi, akazitia ndani ya kibuyu kidogo. Kila asubuhi nitoe moja niitupe. Kibuyu kikiisha, eda imekwisha. Kisha bibi yule akahamia Bukoba kwa mwanawe, na hesabu nzima ikabaki baina yangu na kibuyu.

Wanawake waliobaki walikuja kunitazama wakatoka wakisema, "Huyu kweli anamlilia mumewe." Nilijaa sifa. Hakuna aliyeuliza siku zimebaki ngapi, kwa maana kumwuliza mjane hivyo ni kama kumwambia una haraka ya kuolewa.

Kahawa ilipoanza kuchumwa mashambani, shemeji yangu alifika kutoka Tabora. Alikuwa kaka wa marehemu, mtu mzima, mwema, mwenye sura ya mtu anayesikia harufu asiyoijua. Barua ya msiba ilikuwa imemfikia imechelewa, na aliyeiandika, kwa kujaa huzuni, alisahau kuweka tarehe. Njiani kila aliyemwuliza habari za nyumba ya ndugu yake alimjibu jambo moja: mjane yupo, lakini akili zimemruka.

Majirani hawakusema kwa ubaya. Kwao mfiwa hulia kwa sauti, hunyoa kichwa, huacha jembe siku zilizowekwa, kisha huoshwa msiba akarudi kwa watu. Mimi sikulia kwa sauti, nywele nilikuwa nazo zote, na nilikuwa nimejifungia tangu senene. Ungekuwa wewe ungesemaje?

Shemeji akakaa barazani mbele ya wazee wote wa maduka, akatoa neno lake, nami nikalisikia ukutani. "Mama akiwa na akili zake timamu, mtoto ni wake. Akiwa hana, nitakwenda naye Tabora akalelewe na bibi yake. Msafara unaondoka baada ya siku nne."

Mwanangu alikuwa mapajani kwangu, anasuka mwanasesere wa maganda ya mgomba. Alikuwa na miaka saba na pengo mbele. Niliogopa, sina namna nyingine ya kulisema. Niliogopa hata akaniuliza kwa nini namfinya.

Wazee wa maduka wakasema wao hawawezi kunichunguza kwa sababu nimo edani. Wake zao walikwisha kuniita mcha Mungu, na mcha Mungu na mwendawazimu kwa mbali hufanana. Ndipo mkungu, yaani mkubwa wa kijiji aliyewekwa na watu wa mtawala kule Bweranyange, alipokata shauri. "Mtoto hatoki kijijini kwangu kwa maneno ya njiani. Nyakasimbi kuna mama anayetibu wenye wazimu. Aje atazame."

Alifika kesho yake na kiko mdomoni, bibi mkavu mwenye macho ya kucheka, na nyuma yake wanafunzi watatu. Mkungu alimwita kwa ajili ya mgonjwa mmoja; yeye akaona ni hasara kuja Nyaishozi yote bila kufundisha.

Wa kwanza alikuwa mpwa wake, mwanamke mnene, mwepesi wa kila kitu, aliyekwisha kunijua ugonjwa kabla hajavua mzigo kichwani. Nitamwita yule wa haraka. Wa pili alikuwa binti mwembamba aliyeingiwa na kila ugonjwa aliofundishwa. Mganga akieleza wazimu unaoanza kwa kusahau, yeye husahau alipoweka kiko cha mganga. Akieleza ule unaoanza kwa kutetemeka, mikono yake hiyo. Juma lililopita, nilisikia, walikuwa wamesoma kifafa, na alikuwa bado ana michubuko. Wa tatu alikuwa mwanamume aliyechunga ng'ombe nusu ya maisha yake, mpole, wa maneno machache. Huyo, kwa kuwa ni mwanamume, nilikataa anione. Tukatundika mkeka katikati ya ukumbi, akakaa upande wa pili ameegemea ukuta. Kwa siku tatu alinisoma kwa masikio peke yake.

Mganga alikuwa na sheria moja ya kufundishia. Mwanafunzi aseme kwanza alichokiona na alichokisikia, mpaka kiishe. Atakayetaja jina la ugonjwa kabla ya hapo anakwenda kuchota maji. Kijito kilikuwa chini ya mlima, na njia yake ilikuwa ya kutambaa.

Yule wa haraka alikwenda kijitoni mara tatu kabla ya adhuhuri. Mitungi yangu haijawahi kushiba maji namna ile.

Walizungumza Kinyambo, lugha ya majirani, mbele yangu bila kuchunga. Kinyambo changu kilikuwa cha sokoni, nami nilijifanya hata hicho sina. Alasiri yule wa haraka alipewa nafasi ya kueleza. Akasimama, akaanza kuhesabu kwa vidole, na vidole vikamwishia.

"Hajanyoa. Ngozi imepauka, hapaki siagi wala kitu chochote. Amevaa nguo moja nyeupe kama amejiviringa sanda. Nimempa rubisi, pombe nzuri ya ndizi, amekataa. Mama wee, mtu mwenye akili anakataa rubisi! Mara tano kwa siku anaosha mikono, anaosha mdomo, anaosha hata masikio, halafu anakwenda pembeni anaongea na ukuta. Anauinamia. Akimaliza ukuta anahesabu shanga, na shanga zenyewe haziuzi. Na mtoto wake akimletea chakula, anakisemesha kwanza chakula."

Hapo nilicheka. Nilijiziba kwa shuka lakini kicheko kilitokea puani.

"Na anacheka peke yake!" akapiga makofi. "Basi, huu ni wazimu wa—"

"Maji," akasema mganga.

Siku ya pili mganga alikaa nami mwenyewe. Kiswahili chake kilikuwa cha wapagazi aliowatibu, chenye matusi mawili matatu ambayo nadhani hakuyajua maana. Akaniuliza habari ya kila kidole cha mpwa wake. Nywele? Kwetu hatunyoi. Ukuta? Nasali, na upande ule ndiko Makka. Rubisi? Haramu. Chakula? Namtaja Mungu kabla ya kula. Akawa anaitikia "eee" kila jibu, anavuta kiko, kisha akamgeukia mwanafunzi wake.

"Umenieleza kabila lake. Nilikutuma unieleze ugonjwa wake."

Kisha akaniuliza, "Na wewe mwanangu, siku ya kwanza ulipofika kwetu, ulituonaje?"

Sikutaka kujibu, lakini macho yake yalinichokoza. Nikamwambia kwamba niliona bibi wazima wana viko midomoni, watu wanaitafuna kahawa badala ya kuinywa, na wanaume wenye ndevu wamo ndani ya mtumbwi nchi kavu, wanakanyaga ndizi mbivu kwa miguu huku wanaimba, na jioni wanakunywa walichokikanyaga. Nikamtumia mama yangu salamu kwamba nimeozwa kwa vichaa.

Mganga alicheka hata kiko kikazima. Yule binti mwembamba akacheka naye, kisha akanyamaza ghafla na kuuliza kama kucheka sana ni dalili. Nyuma ya mkeka mchunga ng'ombe alikohoa kikohozi cha mtu anayezuia kicheko. Nami nilisema moyoni: nimeshinda. Alama zote za yule mwanamke zimefutwa. Nyani haoni kundule, na leo kaonyeshwa.

Siku ya tatu ndiyo ilikuwa ya hukumu. Shemeji na mkungu walikuja mapema wakakaa uani kwenye vigoda, wakingoja. Mizigo ya msafara ilikuwa imekwisha kufungwa. Niliona kupitia dirishani kwamba wamefunga na kapu dogo jipya, la ukubwa wa nguo za mtoto. Ndani, mganga alisema amebakiza maneno machache tu. Nikajiweka sawa. Nilijibu kila kitu kwa sauti ya mtu mwenye akili, sauti ambayo hakuna mwenye akili huitumia.

Sasa, mwanangu alizaliwa Karagwe. Baba yake alikuwa mfanyabiashara na mimi mama yake nilikuwa wa kujifanya wa pwani, lakini adabu zake alizipata kwa majirani. Na kwa majirani, mgeni wa heshima akishakaa, huletewa kahawa ya kutafuna katika chombo kidogo. Usipompa umemtukana. Siku mbili mtoto aliona wageni wa mama yake hawajapewa, akaona aibu. Siku ya tatu akaenda chumbani, akarudi amekishika kibuyu kwa mikono miwili, akapiga magoti mbele ya mganga kama alivyofundwa.

Mganga akamsifu, akachukua tatu. Yule wa haraka akachota nne. Binti mwembamba akachukua moja, akaitazama kama sumu, akaitia mdomoni. Mtoto akazunguka mkeka, akampa na mchunga ng'ombe, naye kwa adabu akachukua moja.

Mimi nilikuwa nimeinama nafunga kamba ya mkeka. Nilisikia tu kitu kinavunjika kati ya meno, ka, ka, ka. Nikageuka, nikaona kibuyu.

"Msile!" Nilipiga kelele ambayo sikuwahi kuipiga, hata siku ya machela. "Temeni! Temeni! Mnakula siku zangu!"

Uani vigoda vilisogea. Yule wa haraka akaacha kutafuna, macho yakamtoka, na nikaona furaha inampanda usoni: hatimaye mwendawazimu wa kweli. Hata kumlaumu siwezi. Kama nisingekuwa mimi, hata mimi ningesema hivyo.

Mganga peke yake hakushtuka. Alitema zake tatu kiganjani, akazitazama, akaniuliza taratibu ni siku gani hizo. Nikamweleza habari ya kibuyu huku nalia, kwamba kila punje ni siku, na eda ina hesabu, na sasa hesabu imeliwa.

"Basi tumekosa," akasema. "Tumekula siku za mtu. Tutazirudisha. Zilikuwa ngapi?"

Akajibu mtoto, yule mwenye pengo, aliyetaka kunisaidia.

"Zilikuwa kumi, bibi. Kila siku huwa ni kumi. Mama anatoa moja asubuhi, jioni anairudisha, na leo bado hajatoa. Hazipungui. Nikajua hizi zimebaki za wageni."

Mganga akaanza kukunja vidole, akisema polepole kana kwamba anamsimulia mtoto. "Senene walianguka, mumewe akafa. Mvua ikakatika, jua likawaka. Mvua ikarudi, maharage yakapandwa. Yakachanua, yakavunwa, mmeyala. Sasa watu wanachuma kahawa." Akatazama vidole. "Miezi yenu minne imekwisha, na siku zake kumi. Imepita miwili juu yake."

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya mkeka, mara ya kwanza kwa siku tatu. "Mama, nami nina nilichokisikia. Niseme?"

"Sema."

"Ninasikia hatua zake. Akitoka kitandani anakuja mlango wa uani. Hatua saba. Kisha anasimama. Kisha anarudi saba. Jana mara sita. Leo mara nne. Sijasikia hata mara moja mguu unakanyaga nje. Na yule jirani Mwislamu aliyekuja jana alimwambia, eda haikukatazi jua. Nimeona ng'ombe wa namna hiyo. Zizi liko wazi na hatoki."

Sasa na mimi niseme, maana aliyebaki hajasema ni mimi. Zilipofika kumi niliingiwa na baridi. Nikatoa moja asubuhi, na jioni nikairudisha, nikajiambia ni leo tu. Kesho yake ilikuwa leo tu vilevile. Mlango ule ndio aliotokea mume wangu akienda Kyerwa, anapiga mluzi. Maadamu mimi nimo ndani, yeye alikuwa hajarudi, basi. Nikitoka, angekuwa amekufa. Nilijua ni upuuzi. Nilijua, na miguu haikujua. Na watu wakanisifu kwa dini, na sifa ni blanketi zuri sana la kujifunika ukiwa mgonjwa.

Yule wa haraka akafungua mdomo. Mganga akainua kidole. Yule mwanamke akafunga mdomo, akaenda mwenyewe akachukua mtungi, akatoka.

Uani shemeji alikuwa amesimama. Alisema, na nilisikia sauti yake imepungua nguvu, "Bibi, basi ni mgonjwa?"

"Ni mgonjwa," mganga akasema. "Hilo silifichi."

Nilimshika mwanangu. Nilimshika kwa namna ambayo hata yeye alielewa, akaanza kulia bila sauti.

"Lakini wewe hukuuliza kama ni mgonjwa, uliuliza kama ana akili zake. Aliyeweza kukidanganya kibuyu kila siku kwa miezi miwili, na Waislamu wote wa maduka pamoja nacho, akili anazo, tena amezidisha. Sote tuna ugonjwa wetu." Hapa binti mwembamba aliitikia kwa kichwa, kwa nguvu sana. "Kilichobaki tuone kama ana miguu. Akitoka mwenyewe akakuamkia, utasemaje?"

Shemeji alifikiri. Alikuwa mtu wa haki, Mungu amrehemu. "Nitasema mtoto ni wake."

Basi nikajitanda shuka, nikaenda. Saba nilizijua. Kwenye ya saba nikasimama, kama kila siku. Nje palikuwa na jua, na kuku, na miguu ya wanaume wawili, na kapu jipya. Niliuambia mguu wa kulia: nenda. Haukuenda. Niliuahidi vitu. Nilijua mtoto wangu anaondoka kwa sababu ya ubao mmoja wa mlango usiofika hata goti, nikajichukia kwa nguvu zangu zote, na bado haukuenda.

Hakuna aliyenisukuma. Mganga alikaa palepale na kiko chake.

Mwanangu akapita ubavuni kwangu akavuka nje. Akageuka, akachutama, akakiinamisha kibuyu. Ikatoka punje moja. Tatu na nne na moja na moja, moja ilibaki. Akaiweka kiganjani, akaninyoshea.

"Mama, iko ya mwisho. Ukila hii imekwisha, siyo?"

"Imekwisha," nikamwambia.

"Njoo basi, mkono unauma."

Nikanyosha mkono wangu, haukumfikia. Akaushika vidole kwa mkono wake mwingine, akavuta kama anavyovuta mbuzi mkaidi, na mguu ukavuka.

Nikaitafuna kahawa ile nikiwa nimesimama juani. Ilikuwa chungu, yenye harufu ya mfuko wa marehemu, na nilipoimeza ndipo nilipolia kwa sauti, kwa mara ya kwanza, kama wanavyolia Wanyambo. Majirani walikuja mbio kutoka migombani. Waliponikuta nimekaa chini nalia na vumbi kichwani, walishusha pumzi, wakaanza kulia nami, wamefurahi kabisa. Wakaambiana kwamba sasa yule mjane amepona. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, nao sidhani kama walifikiria wageni wanaokula hesabu ya mwenyeji.

Shemeji alinigeuzia uso pembeni kwa heshima. Nikamwambia "Shikamoo shemeji," akaitikia "Marahaba." Akaenda mwenyewe akafungua kapu lile dogo, akalijaza kahawa. Msafara uliondoka kesho yake, na mtoto wangu alisimama barabarani akiupungia mkono mpaka ulipomalizika.

Wakati wa kuondoka nilimwuliza mganga ugonjwa wangu unaitwaje. Akanitazama, akautazama mtungi. Nikaelewa.

Nilipomaliza kusimulia, mjukuu wangu alikuwa amekwisha kuiokota kalamu. Akapekua daftari mbele, akapekua nyuma, kidole kinashuka ukurasa hadi ukurasa. "Bibi, hili lina jina. Subiri. Hili ni—"

Nikamwonyesha ndoo.

Alicheka akidhani ni mzaha. Alipoona sicheki, akaibeba. Bomba lipo karibu siku hizi, lakini alikawia. Aliporudi alitua ndoo, akajifuta mikono, akakaa chini karibu na miguu yangu bila daftari. Akaniuliza, "Bibi, kutoka kitandani hadi mlangoni zilikuwa hatua ngapi?"

"Saba," nikamwambia. "Ya nane alinivusha mama yako."